Saa Nne ya Nani?

Jumatatu, 3 Machi

Baba, shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu.

Ghala letu lina roboti kumi na mbili za kubeba maboksi, na kazi yangu ni kupima kama mtandao usio na waya unazifikia kote. Kila siku zikifika safu ya saba zinagoma. Mlinzi kaandika daftarini: "saa 4". Nikatega kipimo kijiwashe saa hiyohiyo, wiki nzima. Mtandao safi! Bosi anasema ama mlinzi mwongo, ama mimi sijui kazi. Nisipopata jibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, sina kazi. Haya, cheka. Si ulitaka nibaki kwenye karakana yako ya redio?

Binti yako

Alhamisi, 6 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti linalalamika, mwenyewe nimenyamaza. Sicheki ng'o.

Hebu niambie, ulitega saa nne ya nani? Ya mlinzi au ya kompyuta? Mashine hizo zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiiandikia 4, inaamka saa kumi alfajiri, ghala tupu! Rekebisha, kisha usikae kitini. Kasimame hapohapo safu ya saba uone kinachopita.

Baba yako

Jumanne, 11 Machi

Baba wee! Shikamoo mara mia. Wiki nzima nimepima ghala lililolala!

Leo saa nne asubuhi nikasimama pale. Kumbe ndipo wanaposhusha katoni za maji ya kunywa, wanazipanga hadi juu, mbele kabisa ya antena. Maji yanameza mawimbi yote. Roboti zikaganda, nikashangilia, wapakizi wakadhani nimechizika. Tumehamisha maji, zinapita bila shida. Mlinzi nimemwomba radhi. Kazi ninayo, Baba! Nimelia chooni kwa furaha.

Nakuja Jumapili, saa tatu.

Binti yako

Ijumaa, 14 Machi

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, nimeshusha pumzi hadi jirani kauliza kuna nini. Habari ya karakana isahau. Niliogopa kubaki peke yangu, basi. Kazi unaiweza.

Jumapili nitakaa mlangoni kuanzia saa tisa usiku mpaka saa tatu asubuhi. Hata ukija kwa saa ya kompyuta, utanikuta.

Baba yako