Gakenia Ameshika Ufagio

Wahome, unaijua sheria ya marehemu Gathua: anayetazama filamu yake kabla haijakamilika hufagia ukumbi.

Leo hapa Emali, katika ukumbi wa kanisa, wameonyesha filamu ya makala kuhusu filamu zake ambazo hakuzimaliza. Mjane wake Gakenia ndiye aliyewapa mikanda.

Kwenye skrini akatokea Shiru, binti yao tuliyemzika. Anacheka. "Baba, wacha hiyo kamera, kuja tukule."

Picha ikakatika.

Gakenia hakulia. Alisema tu, "Gathua aliniambia hakuna picha ya mtoto iliyobaki."

Kisha tena, "Aliniambia hakuna."

Watu walipotoka, akachukua ufagio. Nikamsihi, "Mama Shiru, acha, watafagia vijana."

"Mzee, si nimetazama?"

Amefagia ukumbi wote, hadi mlangoni.