Namna Mama Koleta Alivyoomba

Mjukuu wangu Festo,

Shikamoo yako imetufikia huku, marahaba. Bibi yako amepona goti, na shangazi yako amehamia Mwembesongo na wanawe.

Umeuliza kwa nini Waingereza wana maneno mawili matatu kwa jambo moja. Mimi swali hilo lilinikuta nikiwa kijana, karani mkalimani huko Mgeta, wakati serikali ya Waingereza ilipowaamuru wakulima kuchimba matuta milimani kuzuia mmomonyoko wa udongo, hata penye mazao. Mama Koleta, mjane, alisimama barazani akasema, "Naomba mniache nivune maharage kwanza."

Bwana shamba, Mwingereza, akanigeukia. Kwa "naomba" nilijua *beg* la kusihi kwa unyonge, *ask* la kawaida na *request* la kiofisi. Nikamwuliza, "Mama, unaomba kwa namna gani?"

"Kama mwenye shamba anavyomwomba mgeni asikanyage mbegu."

Nikachagua *ask*. Bwana shamba akasema avune.

Baadaye nilifungua kamusi kubwa ya ofisini. Ilieleza kwamba *ask* ni neno la kale la Waingereza wenyewe, na *request* limetoka Kifaransa, lugha ya wavamizi waliowahi kuwatawala. Nilirudia kusoma. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nao walitawaliwa, wakajifunza kuomba kwa lugha ya mabwana.

Nilimsimulia Mama Koleta alipokuwa akipeta maharage yake.

"Na hao mabwana wako wapi sasa?" akauliza.

"Walikwisha zamani. Yamebaki maneno yao tu."

Akaendelea kupeta.

Usome kwa utulivu.

Babu yako, Morogoro