Kwa Nini Kompresa Iko Zizini

S.L.P. 47,
Masii, Machakos.
Tarehe 9 Februari, 2025.

Mpendwa wifi Nduku,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani kwenu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mwangangi na watoto, na kwamba theluji ya huko Halifax imeanza kuwaonea huruma. Ile picha yako ukichimbua gari kwa koleo ilitusikitisha. Mama aliniuliza umevaa nini, nikamtajia nguo moja moja kuanzia kofia mpaka viatu, ndipo akatulia.

Sisi huku hatujambo. Jua ni kali na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Mahindi tumevuna, si mengi, lakini hatutaaibika. Mwelu wetu ameingia kidato cha tatu, amenipita kwa urefu, na kila akisimama karibu nami anahakikisha nimeona.

Najua unashangaa kwa nini nimeshika kalamu na hali tunaongea kwa simu kila Jumapili. Nzembi, binti wa jirani, anarudi Kanada wiki hii na amekubali kukuletea barua. Halafu simu yetu huwekwa mezani kwa sauti ya juu, Mama akiwa amekaa hapo hapo, na masikio yake unayajua. Nikitoka nje kuongea atajua ninamsema yeye. Na wewe nawe, usikasirike, una tabia ya kunikatiza. Karatasi utaisoma mpaka mwisho.

Ninachotaka ni kukuomba usimhamishe Mama kumpeleka kwa ndugu yako Aloys, kule kwenye ghorofa yake Syokimau. Nimekisema mapema ili usisome ukijiuliza ninakwenda wapi. Sasa nikueleze yote, kuanzia siku kompresa yako, ile mashine ya upepo uliyotutumia, ilipofika.

Ilipofika tulifurahi kama watu wa harusi. Ndugu yako Musili, tangu karakana aliyokuwa ameandikwa kule Kinanie ifungwe, alikuwa anapiga pini za sofa kwa nyundo mpaka vidole vinavimba, na vanishi anapaka kwa brashi. Siku ya kwanza alipopuliza vanishi kwa upepo wa hiyo mashine, alisimama akaitazama ile meza muda mrefu mpaka nikamuuliza kama anataka kuioa. Wateja walianza kuja hata kutoka Matuu. Mungu akubariki kwa hilo, wifi. Umemrudishia ndugu yako uso wake.

Shida ikawa mahali pa kuiweka. Ndani ya karakana yake ya hapa nyumbani haikufaa, kwa sababu unga wa mbao unaziba kichujio chake, na Musili aliogopa mota itoe cheche penye mvuke wa vanishi. Kando ya jikoni kuna moshi. Stoo ya mahindi nilikataa mimi mwenyewe na sikutoa sababu. Ndipo wewe ukasema kwa simu tuiweke kwenye baraza ya Mama, maana pana sakafu ya simiti, mabati juu, ukuta wa mawe, na soketi iko hapo hapo. Sisi pia tuliona ni maneno ya akili. Hakuna aliyemuuliza Mama, na Mama hakusema kitu.

Ulipoondoka, Mama alikuwa bado anaona kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Sasa hata hicho hakipo, ile presha ya macho imemaliza. Lakini alikuwa anajitegemea kuliko unavyofikiri. Alikuwa anatoka chumbani kwake, anakata uwanja katikati, anafika chooni na kurudi, na hakuna aliyemshika mkono. Mimi nilishazoea hata nikaacha kumtazama.

Kompresa ilipokaa wiki chache, akaanza kukataa chai ya asubuhi. Anasema ameshiba. Mtu aliyeamka sasa hivi ameshiba nini? Nilibadilisha majani, nikaongeza maziwa, nikapunguza sukari, na bado kikombe nakikuta kimejaa na kimeshika utando juu. Wifi, nilinuna. Nilijiambia kwamba sasa amechoka na mkono wangu, ametafuta njia ya kunionyesha bila kusema. Nikawa namwekea kikombe na kutoka bila neno. Yeye anakaa kitandani mlango umefungwa, mpaka Musili azime mashine kwenda kula chakula cha mchana, ndipo atoke.

Halafu akaanguka. Alikutwa chini ya ule ukingo ambapo uwanja unakatika na shamba linashuka, paji la uso limepasuka. Wewe uliambiwa amejikwaa kwa kuku. Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo, na kuna kuku tuliyemchinja kwa kosa hilo, masikini.

Ulipoona bandeji kwenye simu ulilia, na siku hiyo hiyo ukapanga na Aloys aje amchukue. Sikukulaumu na sikulaumu sasa. Kila siku unawaosha na kuwalisha wazee wa watu huko, unajua kuanguka kunaweza kuleta nini. Na ni mama yako, na uko mbali. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mama alipoambiwa hakubisha. Alisema sawa. Lakini siku zilizofuata akaanza kugawa vitu vyake. Ungo alimpa Mwelu. Lile jembe dogo lake akaniambia nilichukue, halitakuwa na kazi ghorofani. Shuka zake nzuri, zile ulizomletea, akasema zibaki za wageni. Nilizipokea shingo upande, maana mtu anayekwenda kutembea tu hagawi ungo.

Asubuhi moja nilikuwa mlangoni pa jikoni ninapepeta kunde. Mashine ilikuwa imenyamaza. Nikamwona Mama anatoka chumbani kwake, mwendo wake wa kawaida, mkono mmoja mbele kidogo. Sasa hiyo mashine ina tabia ya kujiwasha yenyewe upepo ukipungua kwenye tangi. Ikanguruma akiwa katikati ya uwanja. Mama alisimama pale pale kama mtu aliyeitwa na askari. Akanyoosha mikono yote miwili na kushika hewa. Hakurudi nyuma, hakuendelea. Alisimama kwenye jua, mdomo umebana, mpaka tangi likajaa na mota ikazima. Ndipo akageuza kichwa huku na huku, akasikiliza, akashika njia yake tena.

Ungo uliniponyoka, na kunde zikamwagika zote. Nilijua hapo hapo kwamba hakuna kuku aliyemwangusha.

Alipotoka chooni nilimkalisha nikamuuliza, na safari hii hakunificha. Aliniambia kwamba anatembea kwa masikio. Kuna mfereji wa tangi la maji unaodondoka, ule Musili anaahidi kuutengeneza tangu mwaka juzi. Huo unamwambia amefika katikati. Kuna redio ya jirani upande wa kulia. Kuna majani ya migomba yanayopigapiga nyuma ya choo. Kuna mimi na vyombo vyangu. "Hiyo mashine ikiwaka, boma yote inazima," akasema kwa Kikamba chake. "Sijui mlango uko wapi. Hata miguu yangu sijui iko wapi." Na chai? Chai alikuwa anaikataa ili asihitaji kutoka mchana. Wiki zote hizo, wifi, mama yako alikuwa anakaa na kiu kitandani ili mwanawe afanye kazi, na mimi niko jikoni nimenuna juu ya majani ya chai! Nililia mbele yake bila haya.

Nilimwambia nitamfungia kamba kutoka mlangoni mpaka chooni awe anaishika. Alinijibu kwamba kamba ni ya mbuzi.

Musili aliposikia alikaa kwenye gogo, kichwa kwenye mikono. Kisha akasema hiyo kompresa anaiuza kesho. Mama akamgombeza kama mtoto wa nasari. "Uiuze tukule nini? Nimesema inanifunika. Sijasema ni mbaya. Kwani hakuna mahali ingine kwa hii boma yote?" Musili akajibu polepole, "Mwaitu, basi wewe ndio utatuonyesha."

Basi Jumapili baada ya kanisa tuliipakia kwenye mkokoteni, tukavuta waya mrefu, tukaizungusha boma nzima kama bwana harusi. Kila mahali tunasimama, Musili anaiwasha, na Mama anaanza safari yake kutoka mlangoni kwake mpaka chooni. Mimi natembea nyuma yake kidogo, mikono tayari kumdaka. Nyuma ya karakana, alifika nusu akasimama. Karibu na lango, sauti ilipiga ukuta wa jirani ikarudi, akageukia upande usiofaa kabisa. Chini ya mwembe alitikisa kichwa hata kabla ya kuanza. Majirani waliokuwa wanapita walisimama kuangalia, wakidhani tumepatwa na kitu.

Mwisho Musili akaishusha kwenye zizi la zamani, lile la kule chini ya ukingo ambalo halina ng'ombe tangu tuwauze. Liko chini ya uwanja, na lina ukuta wa mawe pande tatu. Alipoiwasha, ngurumo ikaelekea bondeni, na sisi juu tukasikia kama lori linalopita barabara ya mbali. Mama akasimama kidogo mlangoni. Akaanza. Akapita tangi, akapita mbele ya jikoni, mkono wala hakuunyoosha. Akaingia chooni, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa anacheka, na akaniambia niache kumfuata kama polisi.

Akasema pia jambo ambalo sikulitarajia. Kwamba hapo zizini anaisikia kidogo, na anataka iwe hivyo, kwa sababu sasa anajua ukingo uko wapi ikiwa inafanya kazi, na tena anajua mtoto wake anafanya kazi.

Haikuwa rahisi kwa Musili. Ilibidi azike bomba la kupandisha upepo mpaka karakana, tena alilaze kwa mteremko ili maji yanayojikusanya ndani yashuke, na anunue waya mnene zaidi, maana ule mwembamba ulikuwa unapata moto. Amejenga kibanda chenye mabati na wavu, upande mmoja wazi mashine ipate hewa, na ameifunga kwa mnyororo kwa ajili ya wale wasiopenda kununua vyao. Jioni anashuka kutoa maji yaliyojikusanya kwenye tangi la mashine. Ukingoni pia ameweka ukuta mfupi wa mawe, unaofika kiunoni mwa Mama. Hata mashine ikinyamaza, hapiti pale. Ule mfereji wa tangi la maji nimemkataza kuugusa.

Aloys alikuja jana kama mlivyopanga. Sikumwambia kitu mapema, na mzigo wa Mama ulikuwa tayari mlangoni. Mashine ilikuwa inanguruma kule chini. Aloys alishuka kwenye gari akamkimbilia amshike mkono, na Mama akamwambia, "Niache, wewe beba kiti." Akatangulia yeye. Akampeleka kuona tangi, karakana na kibanda cha zizini, akimweleza kila kitu kana kwamba amekuja kununua boma. Aloys alikuwa nyuma yake na kiti mkononi, na alikuwa analia. Unamjua Aloys, mtu ambaye hata kwa mazishi ya baba yenu alikuwa mkavu. Alikula, akapewa maembe, akaondoka. Ule mzigo niliurudisha ndani mimi. Kuhusu Syokimau alisema tu kwamba atakuachia wewe uamue, na ndiyo maana naandika leo leo, ili uyajue yote kabla hujaamua.

Wifi, sitakuahidi kwamba hataanguka tena. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo, hata nyinyi huko na vitanda vyenu vya kupandishwa kwa umeme. Lakini huko ghorofani atashikwa mkono asubuhi na jioni. Wewe unayewapeleka watu wazima chooni kila siku unajua inavyowauma. Nakusihi, mwache hapa.

Nisalimie shemeji Mwangangi na watoto, umwambie yule mdogo kwamba susu, bibi yake wa huku, anauliza kama ameota meno. Musili anakusalimu na anasema sofa yako utaikuta ukija. Mwelu pia anakusalimu, na Nzembi ana mfuko wa kunde kavu kwa ajili yako.

Nilikuwa nifunge hapa, lakini Mama ameingia sasa hivi, peke yake, akaniuliza ninamwandikia nani, kwa maana amesikia kalamu tangu uani. Nimeshindwa kumdanganya. Nimemuuliza kama ana neno kwako. Amefikiri, akasema: "Mwambie mashine ndio ilikuwa ya kutafutiwa mahali. Mimi niko na pangu."

Bwana akulinde kwenye hiyo baridi na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Kalondu.