Shakwe wa Ghuba la Kusini

Alhamisi, 22 Agosti

Wamefika! Binti yangu Twyla na mumewe Darrin, kutoka mjini Tulsa, humu humu Oklahoma, na mizigo utadhani wanahamia. Watakaa hadi Sikukuu ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kama kila mwaka, tukavue besi weupe, samaki wa ziwa letu. Huu ndio wakati wao. Joto limekaza, dagaa wamejaa juu ya maji, besi wanawavamia kutoka chini na shakwe, wale ndege weupe wa majini, kutoka juu. Ukiona shakwe wanazunguka mahali pamoja, unaelekeza boti huko. Basi. Miaka thelathini na moja mimi ndiye ninayeshika usukani.

Darrin kaja na mashine ya kuonyesha samaki. Kioo kikubwa kama televisheni. Nikamwambia sisi huku ziwani tuna macho, bwana. Mke wangu Oleta akanitazama tu, akaendelea kumenya mapichi.

Naandika kwa kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi. Nyembamba imeisha wino.

Haijaisha. Humu nitamdanganya nani? Daktari alisema tangu Juni: mtoto wa jicho, macho yote mawili, lazima kisu, na nisiendeshe chombo chochote mpaka nipone. Miadi nimeisogeza mara mbili. Mtu na kisu karibu na jicho langu — thubutu! Twyla akijua, ufunguo wa boti nimeuaga. Nataka Agosti hii tu. Hii moja, Mungu wangu.

Jumamosi, 24 Agosti

Samaki arobaini na watatu!! Darrin mashine yake inalia ti-ti-ti, haioni kitu, mimi nawapeleka moja kwa moja kwenye samaki. Maji yanachemka, kila mtu anavuta, Twyla anapiga kelele kama alivyokuwa na miaka tisa. Akanipiga begani: Baba, wewe huzeeki.

Kero ni moja tu. Mdomo wa Oleta hauna breki. Amekaa mbele na kofia yake ya ukili, kazi kusema. Jamani, tazameni wale ndege pale kwenye mti uliokauka! Verlin, maji yale ya kulia mbona yanarukaruka hivyo? Asubuhi nzima. Nashangaa samaki hawakuhama ziwa.

Jumapili, 25 Agosti

Jana jioni nilipasua samaki mwenyewe. Besi mweupe ana nyama nyekundu ubavuni. Usipoikata yote, samaki ananuka tope. Kila mtoto wa huku anajua hilo. Nilikata kwa kupapasa. Oleta akawaviringisha kwenye unga wa mahindi, akakaanga, tukakaa mezani.

Darrin alitafuna tonge la kwanza muda mrefu. Kisha glasi nne za chai ya barafu, mfululizo. Nikamuuliza vipi, mkwe? Akasema, mzee, samaki huyu ana ladha ya... ziwa lenyewe. Twyla akacheka mpaka akatoka mezani. Nikasema kisu ni butu.

Oleta leo kakinoa kile kisu. Kilikuwa kikali tangu mwanzo.

Jumatano, 28 Agosti

Nimemwambia Oleta. Nilingoja tuwe wawili jikoni, nikasema kwa upole: mama, sauti yako inatisha samaki. Akafuta mikono. Akauliza, una hakika unataka ninyamaze, Verlin? Nikasema nina hakika. Haya, akasema, basi mimi nabaki nyumbani, nina bamia zangu za kukaanga.

Kesho boti itakuwa tulivu. Afadhali.

Ijumaa, 30 Agosti

Jana sifuri. Leo sifuri. Upepo.

Jumamosi, 31 Agosti

Samaki wawili, wote wa Darrin, kwa ile televisheni yake. Anajifanya hafurahi. Twyla kaniuliza mbona tumezunguka boya lile lile mara tatu. Nikasema ni mbinu.

Jumapili, 1 Septemba

Sijui nianzie wapi. Aibu! Aibu ya mwaka!

Oleta kaenda kanisani, sisi watatu ziwani. Saa nne asubuhi, jua kali, bado hatujapata hata mmoja. Nikasema twende Ghuba la Kusini. Tulipokata kona tu — shakwe! Kundi zima, weupe pe, juu ya maji karibu na ufuko, wanainuka, wanashuka, na maji chini yao yanaruka. Moyo ukanienda mbio. Siku tatu za mikosi zimeisha!

Nikasukuma mafuta. Darrin alikuwa kainama ndani ya kasha la barafu anatafuta soda, Twyla anafungua uzi uliojiviringa. Nikazima injini mbali kidogo, kama inavyotakiwa, boti iteleze yenyewe usiwashtue. Nikarusha. Mkono wangu bado mzima kabisa, ule haujazeeka. Chambo kikaruka vizuri, kikatua katikati yao. Papo hapo — kimenasa!

Mkubwa! nikapiga kelele. Leteni wavu! Mkubwa huyu!

Darrin akainua kichwa. Mzee! Mzee, acha! Hao si shakwe! Hao ni Wabaptisti!

Na samaki wangu akasema, kwa sauti nzito ninayoisikia kila Jumapili: Ndugu Verlin, Bwana asifiwe, legeza uzi.

Ubatizo! Watu kumi na wawili kwenye majoho meupe, maji kifuani, na ndoano yangu kwenye mkono wa joho la Mchungaji Hobart. Joho tu, namshukuru Mungu, ngozi haikuguswa. Lakini wimbi la boti lilikuwa linakuja nyuma yetu. Likampita mama mmoja mnene aliyekuwa ametoka kuzamishwa sasa hivi, likamzamisha tena, na lililofuata likamzamisha mara ya tatu. Akaibuka anasema amina, amina, inatosha!

Na ufukweni, na bakuli lake la saladi ya viazi, nani amesimama? Oleta.

Nikamwita, ulijua kuna ubatizo hapa, mbona hukuniambia? Akajibu kwa sauti ya kusikika ghuba zima: Ulisema ninyamaze!

Watu wakacheka, mchungaji naye akacheka. Twyla hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, akaninyooshea vidole. Baba, hivi ni vingapi? Nikasema usinifanyie utoto. Vingapi, Baba? Nikasema vitatu. Alikuwa amekunja ngumi.

Ufunguo anao yeye. Kasema nitaupata nikishafanyiwa jicho, hata siku moja kabla ya hapo haiwezekani. Nikasema basi kaa nao.

Jioni nilimuuliza Oleta: wale ndege kwenye mti uliokauka, ulikuwa unanielekeza? Akasema, mwaka huu na mwaka jana, Verlin. Mwaka jana! Mimi hata daktari nilikuwa sijamwona. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, ulikuwa na furaha sana pale kwenye usukani. Nimekaa barazani nikalia kidogo, mbu wakanila.

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya mwisho, mchana wanarudi Tulsa. Naandika humu humu botini, daftari gotini. Oleta kaniona, kauliza herufi kubwa hivi namwandikia nani, rubani wa ndege?

Twyla yuko kwenye usukani. Mimi nimewekwa mbele, kwenye kiti cha Oleta, na Oleta kanivisha kofia yake ya ukili eti jua. Jua lipi! Ukungu umetanda, hawaoni hata pua ya boti. Leo tumelingana wote. Darrin anagonga mashine yake, haionyeshi kitu. Nikamwomba Oleta aseme basi, aseme lolote. Akasema leo nami sioni, baba.

Twyla akazima injini. Kasema, ukungu usipoinuka tutarudi bila kitu.

Kimya. Ndipo nikasikia. Mbali, chini kabisa: pa... papapa... pa. Kama mvua inayoanza juu ya bati. Mkia wa besi ukipiga dagaa unalia hivyo. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikiwasaka kwa macho, injini ikinguruma, sikuwahi kuusikia hivi.

Nikakumbuka lile joho. Kisha nikasema, kwa sauti, mbele ya mkwe wangu: Mimi sioni, Twyla. Tangu Juni sioni. Lakini wako kushoto.

Nadhani wananitazama — nyuso sizioni. Hiyo sauti bado ipo. Natega sikio kama kuna yeyote anaimba pambio.

Twyla kawasha injini. Hakuniuliza vidole vingapi. Boti inageuka kushoto, polepole, na Oleta kanishika mkono wa kalamu, niache kuandika.