Kanda Ambayo Mama Yako Alikataa Kuirudisha

Nyawira, rafiki yangu,

Mama yako amecheka. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za kazi na kabla ya kuniuliza kama nimekula. Amecheka hadi akajifuta machozi kwa kile kitambaa chake cha kanisa, akiwa katika chumba chetu cha mashine hapa Nyeri, meneja akiwa amesimama mlangoni hajui aingie au atoke. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Wacha nikueleze tangu mwanzo. Ulipokuwa hai hukuniacha nimalize hadithi hata moja, na leo nitaimaliza, ingawa ningetoa chochote unikatize.

Kiti chako sasa ndicho changu. Nimekishusha, maana miguu yako ilikuwa mirefu na mimi nilikuwa nabaki nikining'inia kama mtoto. Kiyoyozi kimetengenezwa hatimaye. Na kazi yetu ya Ijumaa haijakufa: bado nachukua nakala ya kila kitu kilicho kwenye seva, yaani kila ng'ombe wa chama chetu cha wafugaji, nani alimzaa nani, kwa fahali gani, naiandika kwenye kanda ya kuhifadhia data, kisha naipeleka kwa mama yako kule Gakindu. Moto ukila ofisi, au bomba la juu likipasuka, ng'ombe wetu wako salama kwenye sanduku lako la shule, chini ya kitanda chako.

Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi nilibeba kanda kwa mkoba wa kompyuta. Mama aliutazama ule mkoba kwa huruma. "Na kiondo iko wapi? Sasa nitakuwekea ndizi wapi, kwa hiyo?" Nilikuwa nimesahau kwamba kwa mama yako kanda ni mgeni kama wageni wengine, na mgeni harudishwi mikono mitupu. Nilirudi mjini na nduma kwenye mfuko wa chaja, na udongo wake bado uko humo. Siku hizi nabeba kiondo chako, kile kikapu cha kusuka.

Basi unajua utaratibu. Kanda mpya inabaki Gakindu, ile ya zamani kuliko zote inarudi ofisini ikaandikwe upya. Wiki baada ya wiki mama alinipa bila neno, hadi zamu ikafikia ile ya mwisho uliyopeleka wewe kabla hujalazwa. Aliitoa sandukuni, akaigeuza, akaona mwandiko wako kwenye karatasi ya ubavuni. Akairudisha.

"Hii siwezi peana. Hii Nyawira aliniletea na mkono yake."

Nilimweleza kwamba ni ya ofisi. Akasema ofisi inunue ingine. Nilimweleza kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyepanga zizunguke, akaniambia nisikuingize kwa maneno yangu. Kisha akaifunga ndani ya sweta yako ya shule, ile ya kijani iliyotoboka kiwiko, na mimi nikaondoka bila kanda. Njia nzima nilinung'unika, nakuambia ukweli. Meneja wetu naye, unamjua Bwana Gichuki, alinunua kanda mpya huku akilalamika kwamba mimi na wewe tunaendesha ofisi kwa kaseti kama watu wa bendi.

Sasa sikiliza alichofanya huyo Gichuki. Wiki chache baada ya wewe kutuacha aliamua kufanya usafi kwenye seva. Akaona orodha ndefu ya ng'ombe waliokufa, akawafuta wote. Hakumwambia mtu, kwa sababu machoni pake hakuna alichoharibu, amefagia tu. Nilipomuuliza baadaye alinitazama kwa mshangao wa kweli: "Lakini Wangari, ng'ombe amekufa anatafuta nini kwa kompyuta?"

Hakuna aliyegundua. Maziwa yaliendelea kupimwa, ndama waliendelea kuandikishwa, na mimi kila Ijumaa nilikuwa napeleka Gakindu nakala safi kabisa ya ule ufutaji. Halafu Mzee Wachira, mfugaji wa Tetu, akaja. Mtamba wake alikuwa tayari kupandishwa, na mzee alitaka karatasi za ukoo ili daktari asije akamtumia fahali ambaye ni babu yake. Nikafungua. Mama: hajulikani. Nyanya: hajulikani.

"Hajulikani aje," akasema mzee, "na nilikuwa nakamua huyo mama yake mimi mwenyewe?"

Nikafungua wa pili, wa tatu, wa jirani yake. Nusu ya ng'ombe wa chama walikuwa wameota tu, hawana mama. Ukoo uliokusanywa na watu tangu wazazi wao, zizi kwa zizi, ulikuwa umekwisha.

Mwanzoni sikuogopa hata kidogo. Nilimwambia mzee arudi baada ya siku mbili, nikajiambia ndiyo maana kuna Gakindu. Kisha nikahesabu jinsi kanda zilivyozunguka. Zote zilikuwa zimeandikwa upya baada ya ule usafi wa Gichuki. Ile nakala ya mtandaoni nayo inafuata seva kama kivuli, seva ikifuta, nayo inafuta. Katika dunia hii nzima kulikuwa na kanda moja tu iliyowajua ng'ombe wetu waliokufa, na ilikuwa imelala ndani ya sweta yako.

Mama yako nilimkuta shambani akikata majani ya ng'ombe. Sikumficha kitu. Alisikiliza panga likiwa mkononi, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu mwingine amewahi kuniuliza katika kazi hii.

"Ikisomwa, itaisha?"

"Haiishi, mama. Mashine inasoma tu, haichukui kitu."

"Na wakiandika mengine juu yake?"

Nikamwambia hapo ndipo ingeisha, lakini mimi ndiye nitakayeishika na sitaandika. Alinitazama sana. Angeweza kukataa, Nyawira, na sidhani ningekuwa na nguvu ya kumlaumu. "Basi tutaenda na mimi," akasema, na kufikia hapo alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vya safari.

Aliingia mjini kesho yake amevaa kama wa harusi. Kanda ilikuwa kwenye kiondo, ndani ya sweta, na juu yake kichana cha ndizi. Nilipomuuliza ndizi ni za nani akasema ni za ofisi, hata huyo wa kufuta atakula. Na Gichuki akala, maskini, akiangalia chini.

Nilipoingiza kanda kwenye mashine ikavutwa ndani, mama aliruka kitini. "Imeimeza!" Nikamwonyesha taa ya kijani, nikamwambia asikie inavyojizungusha. Akaketi tena, akashika kile kisanduku kitupu cha plastiki cha kuwekea kanda kwa mikono miwili na kungoja. Isiposomeka, ningekuwa nimemnyang'anya mama kitu chake cha mwisho na wafugaji nao wasipate kitu.

Ikasomeka. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, Malkia, Nyange, Waziri, Blaki wa Kwanza, Blaki wa Pili, wote waliokufa, wazima kabisa! Nilipiga kelele hadi mtu wa chumba cha maziwa akaja kuangalia nani ameumia.

Halafu nikaona ile sehemu ya maoni. Nilijua tunatakiwa kuandika humo mambo ya afya. Sikujua wewe ulikuwa unaandika nini! Nikaanza kumsomea mama kwa sauti. "Malkia: hutoa maziwa akiimbiwa. Nimemwimbia, akapiga ndoo teke, nadhani anajua muziki." "Waziri: tumbo kubwa, kazi kidogo." Na mmoja wa Tetu, wa kwa Mzee Wachira: "Mbishi, lakini hamfikii mwenyewe." Kisha nikafika kwa ng'ombe wa kwenu, yule marehemu Karembo. "Karembo wa Gakindu: anampenda mama kuliko mtu yeyote, na mama naye hivyo hivyo. Mimi nimezoea kuwa wa pili."

Hapo ndipo alipocheka. "Ni yeye! Ni yeye kabisa, na hiyo mdomo yake!" Alinipiga begani, akacheka, akaomba nirudie, nikarudia, akacheka upya. Nami nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na sikuona haya.

Wafugaji wamesharudishiwa ukoo wao. Mzee Wachira alisoma kile ulichomwandikia, akavua kofia, akasema huo ni ukweli mtupu, na nikamchapia nakala aende nayo nyumbani. Gichuki ameomba msamaha mbele ya watu wote, kisha akaagiza soda. Sasa kuna sheria: kila mwaka kanda moja inawekwa kando na haiguswi tena. Mtunzaji ni mama yako. Walitaka kumpelekea kabati la chuma, akasema anataka sanduku lilelile.

Nimekukosa sana, Nyawira. Ijumaa hasa. Lakini sasa huwa naenda Gakindu nikiimba.

Jioni ya siku ile tuliyoisoma, kabla mama hajaondoka, nilimwonyesha kile kifungo kidogo chekundu kilicho ubavuni mwa kanda, nikamwambia akisukume mwenyewe kwa kidole. Akasukuma, kikalia tak. Nikairudisha kwenye mashine mbele yake, nikaiamuru iandike juu yake. Mashine ikakataa, kwa kuwa kile kifungo huifunga kanda isiandikwe tena. Nikaiamuru tena, ikakataa tena, na mama akapiga makofi.

Kwaheri, rafiki yangu. Hizi mashine zetu zitazeeka, na mimi pia, lakini nakuahidi nitahakikisha daima ipo moja inayoweza kuisoma kanda yako. Kila mama yako atakapotaka, tutakusoma. Hakuna atakayeandika juu yako.

Wako,
Wangari