Wimbo Niliouchoma Umerudi Kanisani

Jumapili, Novemba 1988. Kanyangi.

Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika kabla ya ibada, na sasa jua la saa kumi linakausha matope mlangoni. Majirani wanafurahia mvua. Mimi nimerudi kutoka kanisani na hasira ambayo sijui niiweke wapi, na kwa umri wangu hasira si kitu cha kubeba ovyo. Acha niiandike kwa mpangilio, kama ninavyowazoesha watoto shuleni.

Leo kwaya yetu imeimba wimbo mpya. Jeremia, mwalimu wa kwaya, alisimama kwanza akaeleza kwamba tuni yake alipewa na Bwana akiwa katika maombi ya kufunga, na kwamba ndio wimbo watakaoupeleka Makindu kwenye mashindano. Watu wakasema amina. Nami nikasema amina.

Wakaanza. Kabla hawajamaliza mstari wa kwanza, nilishajua wa pili utakwenda wapi.

Ni wimbo wangu.

Niliutunga miaka ishirini iliyopita, nikiwa mwalimu kijana mwenye gita. Tulikuwa watatu: marehemu binamu yangu kwenye gita la kwanza, mimi nikiimba na kupiga la pili, na Jeremia huyu huyu akipiga besi. Niliutunga kwa ajili ya Mbithe, binti wa Zombe, ambaye sasa ni mke wangu. Jina lake lilikuwa ndani, la baba yake pia, na njia yote ya kwenda kwao. Nyimbo zetu za magita ndivyo zilivyo: ukimwimba mtu unamtaja yeye, wazazi wake na anakotoka, ili asiwepo wa kuuliza ni nani anayeimbwa. Tulienda Nairobi tukaurekodi, ukatoka kwenye santuri ndogo, na kwa mwaka mzima Mbithe hakuweza kufika sokoni bila kuimbiwa.

Baadaye, tukiwa tumeshaoana, nikaokoka.

Atakayesoma haya siku za mbele huenda akashangaa, kwa hiyo nieleze. Wakati ule mtu hakuacha mambo ya dunia kimyakimya. Aliyaleta mbele ya watu: tumbaku, hirizi, na kwa sisi wapiga magita, santuri. Jeremia aliokoka mwezi mmoja kabla yangu. Alinifuata nyumbani mara tatu, akaniambia mtu haokoki nusu. Nikapeleka uwanjani santuri zote saba tulizokuwa nazo nyumbani, na yeye ndiye aliyezimwagia mafuta ya taa. Santuri haishiki moto kama kuni. Inajikunja kwanza, kama chapati iliyosahaulika, kisha inatoa moshi mweusi wa kukaba koo. Tuliimba tenzi huku tukikohoa.

Miaka kumi na minne sijaugusa wimbo ule. Hata nikiwa peke yangu shambani, ukinijia niliufukuza kwa tenzi. Nilidhani mwenzangu anafanya vivyo hivyo.

Leo vijana wa kwaya hawakujua wanachoimba. Walikuwa watoto wakati ule. Wazee wenzangu, ambao wameucheza kwenye arusi zao wenyewe, walitazama mbele kama watu wasiojua kucheza.

Baada ya ibada nilimngoja Jeremia kando ya tangi la maji.

"Ule wimbo naufahamu," nikamwambia.

"Utaufahamu vipi, Mwalimu, na ni mpya?"

"Besi yake bado unaikosea pale pale."

Akacheka, akanishika mkono. "Haya basi. Ulikuwa wa dunia, sasa umeokoka. Kwani wimbo hauwezi kuokoka?"

"Mbona siku ile ulisema lazima uchomwe?"

"Siku ile tulikuwa wachanga wa imani." Akatazama kama kuna anayesikia. "Sasa usiniharibie, Mwalimu. Makindu ni wiki mbili tu."

Yaani mtu alikuja kwangu mara tatu kunishawishi nichome kitu, kisha akakihifadhi kichwani mwake mpaka siku atakapokihitaji. Wachanga wa imani tulikuwa wawili, lakini aliyebaki bila wimbo ni mmoja.

Niandike pia lile ninaloona haya kuliandika.

Wameuimba vizuri kuliko mimi.

Nikijaribu kueleza sababu, ni hizi. Santuri ndogo haikuwa na nafasi kubwa. Pale studio palikuwa na mtu nyuma ya kioo aliyekuwa akizungusha kidole hewani, maana yake malizeni, kwa hiyo mimi niliimba kama mtu anayekimbizwa. Jeremia amepunguza mwendo karibu nusu. Hana gita, lakini hakuitupa kazi ya magita: wasichana wa sauti ya kwanza wanaimba lile gita la binamu yangu, noti kwa noti, kwa midomo, wa sauti ya pili wamechukua gita langu, wanaume wanatembea chini na besi. Mwishoni, pale ambapo sisi tulikuwa tukiharakisha ili watu wacheze, wao wananyamaza kabisa, halafu msichana mmoja anaanza peke yake. Nilisikia pale kitu nilichokuwa nikikitafuta nikiwa na miaka ishirini na sita na sikukipata.

Ingekuwa rahisi kama wangeuharibu.

Nilipofika nyumbani, Mbithe alikuwa ameshafika, anachagua ndengu kwenye ungo. Nilimweleza yote, na nakiri nilitaka kuonewa huruma. Yeye akaendelea kutoa mawe.

"Jeremia amekuibia tuni," akasema. "Wewe ulichoma jina langu."

"Tulikuwa tunaokoka, Mama Nduku."

"Nilikuomba uniachie moja. Nikakwambia nitaiweka chini ya nguo, haitachezwa. Ukaitoa mikononi mwangu."

Akatupa jiwe nje ya ungo.

"Leo nimeketi pale nikingoja mahali pa jina langu," akasema. "Pakafika. Nikasikia Yerusalemu." Akacheka kidogo, lakini hakuniangalia. "Basi nimekuwa mji."

Hapo juu nimeandika kwamba nilichoma santuri saba.

Sita zilikuwa zangu.

Ya saba nilimpa Mbithe siku nilipoenda kwao kujitambulisha, na niliichukua bila kumwuliza, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwa mtu mpya. Nimemsomea Jeremia mashtaka tangu adhuhuri, na hakuna shtaka hata moja ambalo mke wangu hawezi kunisomea mimi.

Kanisani kwetu kuna nafasi ya ushuhuda kila Jumapili. Nilikuwa nimeshapanga maneno: wimbo ni wangu, Jeremia amedanganya. Nikiyasema, wazee wa kanisa watausimamisha wimbo, maana hawataki tuni ya dunia, na vijana wale hawatakwenda Makindu. Nisiposema, utaimbwa hivyo hivyo, kila mahali, na Mbithe hayumo. Sasa nina ushuhuda mwingine, wa santuri ya saba, na huo ni mgumu zaidi kwa sababu sina wa kumlaumu.

Nimeacha kalamu kidogo nikaenda kumwuliza Mbithe: nisimame Jumapili, au nikae?

Aliweka ungo chini. Akasema nimwulize tena tukishakula. Tangu wimbo huu utungwe sijawahi kumwuliza neno juu yake, na anataka kulifikiria vizuri.