Walinda Maji wa Mudaka

Jumatatu, 5 Machi 2001

Nimesoma matangazo ya asubuhi redioni: vifo, bei ya maharagwe, barabara ya Sange imefungwa tena. Kisha tangazo la mradi wa msitu. Karatasi yao inasema "urithi wa dunia". Mdogo wangu Cirhuza, mlinzi wa msitu huo, alikuwa studioni. Akacheka, akaniambia mimi dada yake:

"Yaya, watu ya kijiji ya Mudaka wanauliza: hiyo dunia ni nani? Ilishaka lima hapa?"

Nimebadilisha maneno ya tangazo. Msitu unaolisha chemchemi za Mudaka. Cirhuza na wenzake: walinda maji.

Ijumaa, 16 Machi

Soko la Mudaka. Maneno yameshika. Zamani wanawake wa soko hili waliwafukuza walinzi kwa mawe. Sasa wanawapelekea viazi vitamu kituoni kwao msituni.

"Maman, wale iko watu yetu," muuza mihogo ameniambia.

Walinzi walinyang'anywa bunduki vita vilipoanza. Kinga ya Cirhuza ni moja: si askari.

Jumatano, 28 Machi

Mkuu wa mradi amerudi kutoka kwa wafadhili. Ana tangazo jipya: "askari wa msitu", "vita dhidi ya majangili". Wafadhili hutoa wakisikia vita, anasema. Nimekataa kulisoma. Hapa kila askari ana adui. Mkurugenzi wa redio amempa mtangazaji mwenzangu alisome.

Jumanne, 3 Aprili

Tangazo la "askari wa msitu" linasomwa kila siku. Cirhuza ametuma ujumbe: viazi haviji tena. Wanawake wanaogopa kuonekana wakilisha askari.

Amebaki kituoni. Kuna miche ya kumwagilia.

Jumapili, 8 Aprili

Jana watu wenye silaha walifika kituoni. Walitaka bunduki za "askari wa msitu". Hazikuwapo. Wakampiga risasi Cirhuza. Wenzake walikimbia; ndio waliosimulia.

Nimeandika habari. Jina, mahali, saa.

Nimevunjika.

Jumatatu, 9 Aprili

Tangazo la kifo. Mradi unataka "shujaa aliyeanguka vitani". Mjane wake, Nsimire, amesoma karatasi yao na kunirudishia.

"Hapana, yaya. Bwana yangu hakupiganaka vita. Sema kazi yake."

Nimesoma mwenyewe. Cirhuza, mlinda maji. Mazishi kesho, Mudaka.

Jumanne, 10 Aprili

Tumemzika. Wanawake wa Mudaka walikuja, kila mmoja na kikapu cha viazi vitamu. Waliviweka chini bila kutuangalia.

Nsimire akavipika kwa maji ya chemchemi. Tukala.